Nani ameshika pazia? Kuhusu vifo vya wanawake katika ushairi wa Kigothiki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa tatu. Muhula huu tumesoma mashairi ya Kigothiki, yaani yale ya giza, vitisho na mauti, ya Uingereza na Marekani ya karne ya 19, na karibu kila shairi lina mwanamke aliyekufa: huyu kanyongwa, yule kazikwa kando ya bahari, mwingine anaelea mtoni. Nimepewa insha ya kuyahakiki kwa jicho la kifeministi. Mwenzangu darasani anasema kazi hiyo ni kuhesabu maiti na kumtia mshairi hatiani. Mimi mashairi haya nayapenda, hasa ya Mmarekani Edgar Allan Poe. Je, nikiyasoma hivyo ni lazima niyachukie? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mwenzako, maana maneno yake nimeyasikia madarasani miaka mingi. Kuhesabu maiti hakuhitaji mhakiki. Wanawake hufa katika mashairi ya kila lugha, na wanaume vilevile. Kinachotushughulisha sisi ni dakika moja kabla ya kifo na dakika moja baada yake. Nani alikuwa anatenda? Nani alikuwa anasema? Na kifo kilipokwisha kupita, sauti ilibaki kwa nani? Ukiyashika maswali hayo matatu, kazi yako utaiweza.

Chukua shairi la Mwingereza Robert Browning liitwalo "Porphyria's Lover", yaani mpenzi wa Porphyria. Lilichapishwa mara ya kwanza Januari 1836, Browning akiwa kijana wa miaka 23, na lina mishororo 60. Nafsineni, yaani anayesema shairini, ni mwanamume aliyekaa peke yake ndani ya kijumba usiku wa dhoruba. Porphyria anaingia. Sasa shika kalamu upigie mstari vitenzi. Anaifungia nje baridi na dhoruba. Anapiga magoti na kuchochea moto mpaka kijumba kizima kinapata joto. Anainuka, anavua joho na shali vinavyochuruzika maji, anaweka kando glavu zilizochafuka, anafungua kofia, anaziachia nywele zilizolowa. Anakaa. Anamwita yule bwana, wala haitikiwi. Basi anauchukua mkono wake na kujizungushia kiunoni, anafunua bega, anamlaza shavu hapo, anamnong'oneza kuwa anampenda. Muda wote huo mwanamume ana kitenzi kimoja tu cha maana: alisikiliza. Alikaa akiusikiliza upepo huku moyo ukitaka kupasuka.

Kisha, katikati kabisa ya shairi, anayainua macho na kutambua kwamba Porphyria anamwabudu. Anasema: wakati huo alikuwa wangu, wangu, mzuri, safi kabisa na mwema. Na hapo sarufi inapinduka. Anazikusanya nywele zake kuwa kamba moja ndefu ya manjano, anaizungusha mara tatu kwenye koo lake dogo, anamnyonga. Tangu mshororo huo vitenzi ni vya mwanamume. Ndiye anayefungua kope za marehemu, ndiye anayelegeza nywele shingoni, ndiye anayebusu shavu. Anakiinua kichwa na kukiegemeza kama kilivyokuwa mwanzo, ila safari hii bega ni lake. Mandhari ni ileile ya mapenzi, waliokaa ni walewale, mtendaji amebadilika.

Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa Kiswahili analiona upesi kuliko Mwingereza. Baada ya kifo, nafsineni ni nadra kumtaja tena Porphyria mzima. Anataja kichwa, "kichwa kidogo chekundu kinachotabasamu", na anadai kwamba kimefurahi sana kupata kilichokitaka. Jaribu kulifasiri shairi lote kwa Kiswahili uone. Nusu ya kwanza utaandika *anaingia, anachochea, anavua, anaita*. Ukifika mwishoni unajikuta umeandika *kinatabasamu, kimefurahi, kimepata*. Mtu ametoka ngeli ya A-WA akaingia KI-VI, na mwuaji ndiye aliyemhamisha. Sijui mfano bora zaidi wa kumweleza mwanafunzi maana ya kumgeuza mtu kitu. Na kitu hicho kimepewa utashi ule tu unaomfaa mwuaji: kilitaka kufa.

Angalia pia anavyosema kuwa Porphyria hakusikia maumivu, halafu papo hapo anarudia: nina hakika kabisa hakusikia maumivu. Aliyekuwa na haki ya kulijibu hilo ni mmoja tu, naye hana sauti tena. Shahidi pekee wa mauaji ni mwuaji, na sisi wasomaji tumekalishwa naye chumbani usiku kucha.

Mwenzako atauliza: je, Browning ndiye mwuaji? Hasha. Tangu sekondari umefundishwa kwamba nafsineni si mshairi. Mwaka 1842 Browning alilichapisha tena shairi hili pamoja na jingine chini ya kichwa kimoja kilichomaanisha vyumba vya hospitali ya wendawazimu, ili asije mtu akadhani hayo ni mawazo yake. Hata hivyo wahakiki wa kifeministi hawakubaliani hapa, na insha yako iuonyeshe ugomvi huo. Wako wanaosema mshairi anaumbua taasubi ya kiume kwa kuiacha ijieleze yenyewe mpaka ijitie kitanzi. Wako wanaosema: sawa, lakini mbona vina vimelainika hivyo, mbona kifo chenyewe kimerembwa, na msomaji anaburudika kwa nini? Mimi nasimama upande wa kwanza. Sababu yangu ni vile vitenzi. Browning angeweza kuanza na maiti. Alianza na mwanamke anayewasha moto, akatuachia ushahidi wote wa alichokuwa kabla ya kunyamazishwa.

Mwaka huohuo wa 1842 alitoa "My Last Duchess". Mtawala wa Ferrara, Italia, anamwonyesha mgeni picha ya mke wake wa mwisho. Watu wengi humhusisha mtawala huyo na Alfonso wa Pili, aliyemwoa Lucrezia de' Medici. Binti huyo alikufa mwaka 1561 akiwa na miaka 16. Kosa la mke wa shairini ni kwamba alifurahi ovyo: aliyafurahia machweo, akafurahia tawi la cheri aliloletewa, akamfurahia nyumbu mweupe, sawasawa na alivyofurahia zawadi ya mumewe ya jina la ukoo lenye miaka mia tisa. "Nikatoa amri," anasema, "na tabasamu zote zikakoma kwa pamoja." Sasa picha imefunikwa pazia, na hakuna anayeruhusiwa kulivuta isipokuwa yeye. Alipokuwa hai, macho ya mwanamke yalikwenda popote yalipopenda. Akiwa picha, mume ndiye anayeamua nani atazamwe naye na kwa muda gani. Liweke akilini pazia hilo, tutalirudia.

Haya, twende kwa Poe wako. Mimi pia nampenda. "Annabel Lee" nililisoma kwa sauti mara ya kwanza nikiwa na umri kama wako, na mawimbi yake hayajanitoka kichwani. Lakini mwaka 1846 Edgar Allan Poe aliandika insha ya kueleza alivyolitunga "The Raven", akasema kwamba kifo cha mwanamke mrembo, bila ubishi, ndicho mada ya kishairi kuliko zote duniani. Watu huinukuu nusu hiyo wakakomea hapo. Nusu ya pili ndiyo nzito: na midomo inayofaa zaidi kuisema mada hiyo ni ya mpenzi aliyefiwa. Yaani kazi imegawanywa. Mwanamke afe, mwanamume aseme. Maandishi mengi ya kifeministi kuhusu Poe yanazunguka nusu hiyo ya pili.

Rudi sasa kwa Annabel Lee. Tunaambiwa aliishi bila wazo jingine lolote ila kunipenda na kupendwa nami. Anasema nini shairini? Hakuna hata neno moja. Alikuwa na mama? Alipenda kuimba? Alimwogopa nani? Tunajua kwamba alikuwa mrembo, macho yake yalikuwa maangavu, na jamaa zake walikuja kumchukua, basi. Jina lake limetajwa mara 7, na kila linapotajwa linagongana kwa kina na neno la Kiingereza la bahari na neno la Kiingereza la "mimi". Sikiliza kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye vina: Lee, bahari, mimi. Mwanamke amefungwa katikati ya kaburi lake na nafsi ya anayemlilia. Na mwishoni huyo anayemlilia anaingia kaburini kila usiku kulala ubavuni mwake.

Sasa usije ukaandika kwamba huzuni ya Poe ilikuwa ya uongo. Mama yake, mwigizaji wa jukwaani, alikufa mwaka 1811 akiwa na miaka 24, mtoto hajatimiza mitatu. Mke wake Virginia, aliyemwoa mwaka 1836 binti akiwa na miaka 13, alikufa kwa kifua kikuu Januari 1847, naye akiwa na miaka 24. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kulia. Na sisi wenyewe tunaye Shaaban Robert, aliyemwambia marehemu mkewe Amina kwamba amefunga kama ua baada ya kuchanua. Sijaona mtu mwenye moyo akalisoma shairi hilo kama kosa. Lakini Shaaban Robert anamwombea Amina mwanga na kupokewa Peponi, anamwachia Mungu wake. Anayemlilia Annabel Lee hamwachii mtu, hata kaburi hajamwachia peke yake. Kuomboleza ni haki ya kila aliyefiwa. Poe alichofanya zaidi ya hapo ni kuigeuza huzuni kuwa kanuni ya sanaa, na kanuni ina matokeo kwa watu ambao hawakufiwa na yeyote.

Matokeo hayo ndiyo yaliyowashughulisha wahakiki utakaowatumia. Judith Fetterley, mwaka 1978, aliandika juu ya msichana anayefundishwa kusoma kwa macho ya mwanamume mpaka anajikuta anashangilia mambo yanayomdhuru yeye mwenyewe. Akamtaka awe msomaji anayekataa. Mwaka uliofuata Sandra Gilbert na Susan Gubar walitoa kitabu kikubwa kuhusu waandishi wanawake wa karne ya 19. Walionyesha kwamba fasihi iliwapa wanawake sura mbili tu, malaika au zimwi, na kwamba malaika kamili ni yule aliyekwisha kufa: hana njaa, hana hasira, amelala ndani ya jeneza la kioo atazamwe. Elisabeth Bronfen, mwaka 1992, aliichukua ile kauli ya Poe akaijengea hoja ndefu. Kwa ufupi, anasema maiti ya mwanamke mzuri humpa mtazamaji nafasi ya kukikodolea macho kifo huku akijiambia kwamba hicho si changu, ni cha yule pale. Uzuri wa mwili unafunika uozo, na ukike wake unakiweka kifo mbali na mwanamume anayetazama. Ukimsoma Bronfen, soma polepole; ni mgumu, lakini analipa.

Mfano ambao wanafunzi wengi huupita bila kuuona uko kwa Tennyson, mshairi Mwingereza. "The Lady of Shalott" si la Kigothiki tupu, ila mnara, laana na maiti majini vinatosha. Mwanamke amefungiwa mnarani anafuma, hana ruhusa ya kuitazama dunia ila kwenye kioo. Anamtazama Lancelot, shujaa wa Mfalme Arthur wa hadithi, moja kwa moja, laana inashuka, anapanda mashua, anaimba mpaka damu inaganda, anafika Camelot, mji wa mfalme huyo, akiwa maiti. Kuna matoleo mawili. Katika toleo la 1832 amewekewa kifuani karatasi ya ngozi yenye maneno yake mwenyewe: utando ulifumwa kwa ustadi, laana imevunjika kabisa, sogeeni msiogope, huyu ni mimi. Shairi linaisha na "mimi" ya mwanamke. Mwaka 1842 Tennyson alilirekebisha. Karatasi ikatoweka. Badala yake Lancelot anatafakari kidogo, kisha anasema: ana uso mzuri, Mungu kwa rehema zake amjalie neema. Ni mshairi yuleyule na kifo kilekile, kwa tofauti ya miaka kumi. Neno la mwisho limetoka kifuani mwa mwanamke likaenda kinywani mwa mwanamume, nalo linahusu sura yake. Wengi husema toleo la pili ni zuri zaidi kwa utunzi, na mimi nakubali. Ndiyo maana linaniuma.

Na haya hayakubaki kwenye karatasi. Elizabeth Siddal alikuwa mwanamke wa London aliyekaa mbele ya wachoraji wamchore. Mwaka 1852 alilala ndani ya beseni la kuogea lililojaa maji ili John Everett Millais amchore akiwa Ophelia, binti wa tamthilia ya Shakespeare, anayezama. Maji yalipashwa kwa taa zilizowekwa chini. Siku moja taa zikazimika, mchoraji hakugundua, dada wa watu akapata homa kali. Baadaye aliolewa na Dante Gabriel Rossetti, mshairi na mchoraji. Walizaa mtoto mfu mwaka 1861. Februari 1862 Siddal akafa kwa kuzidisha laudanamu, dawa ya afyuni, akiwa na miaka 32. Rossetti kwa uchungu aliuweka mswada wa mashairi yake ndani ya jeneza la mkewe, ukazikwa katika makaburi ya Highgate, London. Oktoba 1869 alibadili mawazo. Watu wakatumwa usiku wakafukua kaburi, wakatoa mswada, wakausafisha kwa dawa, na mwaka 1870 kitabu kikatoka. Ikaenea hadithi kwamba maiti ilikutwa haijaharibika na nywele zake nyekundu zimeendelea kukua mpaka zimejaa jeneza. Jambo hilo haliwezekani, lakini watu walilipenda, maana liliwafanya wamwone Siddal kama mwanamke wa shairini.

Lisilosimuliwa sana ni kwamba Siddal alikuwa mchoraji na mshairi kwa haki yake. Mashairi yake hayakuchapishwa akiwa hai. Katika mojawapo amevaa sauti ya mwanamume anayemtazama mwanamke: siijali roho ya bibi yangu, ingawa naliabudu tabasamu lake, sijali ataishia wapi uzuri wake ukiisha makali. Yule aliyelala kwenye beseni alikuwa anajua vizuri sana jicho lililokuwa linamtazama.

Wifi yake, Christina Rossetti, alijua pia. Mwaka 1856 aliandika soneti, yaani shairi la mishororo 14, kuhusu chumba cha mchoraji ambamo uso mmoja unatazama kutoka kwenye kila picha, na mchoraji anaula uso huo mchana na usiku. Wengi huamini uso huo ni wa Siddal. Anamalizia kwamba mwanamke huyo amechorwa si kama alivyo, bali kama anavyoijaza ndoto ya mchoraji. Soneti hiyo ilichapishwa 1896, mwandishi akiwa ameshafariki.

Lakini ninayotaka iwe kiini cha insha yako ni soneti nyingine, "After Death". Aliiandika mwaka 1849, mwaka aliokufa Poe, akiwa binti wa miaka 18, ilichapishwa 1862. Mwanamke amekufa na amelazwa chumbani. Sakafu imefagiwa, kumetandazwa rozmari na maua. Mwanamume anaingia na kumwinamia, akidhani hasikii. Ila anasikia. Nafsineni ni maiti. Anamsikia akisema, maskini mtoto, maskini mtoto, anasikia anageuka, kimya kinaingia, na anajua kwamba analia. Kisha anahesabu ambayo mwanamume hakuyafanya: hakugusa sanda, hakuinua pindo lililofunika uso wangu, hakunishika mkono, hakuivuruga mito iliyonyooshwa chini ya kichwa changu. Hakunipenda nikiwa hai, anasema, ila nilipokufa alinihurumia. Na ni tamu sana kujua kwamba yeye bado ana joto, ingawa mimi ni baridi.

Gilbert na Gubar wanamwona Christina Rossetti kuwa mshairi wa kujinyima, mwanamke aliyefanya sanaa kutokana na kukubali kukosa. Nawaheshimu, lakini hapa siwafuati. Soma tena orodha ile ya "hakufanya". Hiyo ni hesabu inayosomwa na mdai. Na ile kauli ya mwisho kuhusu joto na baridi, wako wanaoisikia kama upole wa mpenzi. Mimi nasikia mtu aliyeketi kimya muda mrefu na sasa anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Wewe uamue, na ukiamua utetee kwa maneno ya shairi lenyewe.

Ukipata nafasi, msome Emily Dickinson wa Marekani pia, ambaye mashairi yake mengi yalitoka baada ya kufariki kwake mwaka 1886. Kuna lile la mtu anayekata roho akisikia nzi akivuma chumbani, na lile la Kifo kinachomsimamishia gari la farasi kama bwana mstaarabu. Hapo pia msemaji ni marehemu mwenyewe.

Kwa hiyo usimchukie Poe, mwanangu. Msome kwa sauti kama ulivyozoea, halafu ujiulize Annabel Lee angehesabu nini kama angepewa mishororo 14 tu. Insha usiianze na Poe wala na nadharia. Ianze na jambo dogo. Katika mshororo wa kwanza wa "After Death" Christina anasema mapazia ya chumba yalikuwa yamevutwa nusu, na anayetueleza hivyo ni maiti iliyolala ndani yake. Ukishaliandika hilo vizuri, ndipo urudi Ferrara kwa yule mtawala aliyesema pazia haligusi mtu ila yeye.